Manju Asiyefungua Mdomo

Ngulyati, Bariadi
28 Januari 2024

Mdogo wangu Mayige,

Mwangaluka. Kama barua hii itakukuta jioni, basi mwadila, ili mradi uwe umesalimiwa. Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha ya kutosha na pamba imeota vizuri. Yule ng'ombe mwekundu uliyekuwa ukimkimbia amezaa ndama jike, naye ameshaanza ukali wa mama yake. Matokeo ya kidato cha nne yametoka. Binti yangu Esteria amefaulu, anatembea kijijini kama vile mtihani aliutunga yeye. Goti la Baba linamsumbua asubuhi tu, jua likipanda analisahau.

Wiki iliyopita tulikusikia redioni. Mtangazaji alisema, "Huyu ni Mayige Bujiku, mpiga gitaa wa roki, mtoto wa Simiyu," Esteria akapiga yowe mpaka kuku wakatawanyika. Tukamwita Baba. Akakaa, akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kidole. Muziki ulipoisha akauliza, "Mwimbaji alichelewa?" Nikamweleza kwamba hakuna mwimbaji, ndivyo unavyopiga siku hizi, gitaa peke yake. Akasema, "Kumbe alikwenda Dar es Salaam kuchunga ng'ombe wasio na midomo." Akaenda zake zizini. Nimeona bora uyasikie kwangu kuliko kwa watu.

Sasa jambo lenyewe. Sikufundishi ngoma, ulizaliwa ndani yake, lakini hukuwepo kwenye mashindano ya mwaka jana, kwa hiyo nikusimulie. Bagika, kundi la Baba, upande huu wa uwanja, Bagalu, kundi la Mhoja, upande ule, wakaanza wakati mmoja kama desturi, na miguu ya watu ndiyo ikaamua nani amewavuta wengi. Jua lilipozama, upande wetu walikuwa wamebaki walevi wawili na bibi mmoja aliyekuwa amelala. Ni mara ya pili mfululizo. Baba ana miaka sabini na mmoja, sauti yake ya umanju, ya kuongoza nyimbo, imechoka, na vijana wetu wawili wawili wanahamia kwa Mhoja. Mzee Ngassa na wenzake wa kamati ya ngoma wamekaa kikao. Wamesema tukishindwa tena Julai, Baba aweke chini mgwisho wake wa umanju na kundi livunjwe. Mkia ule wa ng'ombe ameushika tangu kabla sijazaliwa. Akinyang'anywa mbele za watu, Mayige, tutamzika huku anapumua.

Yeye hatakuomba, unamjua. Mimi ndiye ninayeomba. Rudi uimbe. Ulipokuwa na miaka kumi na minane uliita upande huu, watu wa upande wa pili wakageuka. Kundi lote lilijua kwamba mgwisho utakuwa wako.

Halafu unieleze kwa nini hupokei simu. Nikikupigia inaita mpaka inachoka, kisha unatuma ujumbe wa maneno matatu. Ndiyo maana nimempa Onesmo, kondakta wa basi, barua hii akupe mkononi. Barua huwezi kuikatia.

Dada yako,
Klementina

*

Dar es Salaam
18 Februari 2024

Dada Klementina,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba uifikishe hata kama ataipokea akiangalia pembeni. Mpe Esteria pongezi zangu, mwambie atambe tu, kufaulu si mchezo. Joto la huku halisemeki, lakini mimi ni mzima, nala vizuri, na shati uliloninunulia kwa harusi ya binamu yetu Kija bado linanienea.

Baba nimemsikia. Nilicheka, kisha sikucheka. Mtu wa redio naye aliniuliza hivyohivyo siku ya kwanza: "Mwimbaji yuko wapi?" Nikamwonyesha gitaa kwa kidole. Sisi tuko watatu tu. Josia anapiga dramu, mtoto wa wavuvi wa Lamadi, anazipiga kama anayefukuza viboko shambani. Jenifer yuko kwenye besi. Mimi napiga solo. Lile gitaa la umeme nalipitisha kwenye kipedali cha kukwaruza sauti, hapo linanguruma kama dume la ng'ombe lililokasirika. Mwanzoni tulikuwa tunapiga hotelini, meneja anatuomba tupunguze ili wageni wale. Siku hizi watu wanakuja kwa ajili yetu, chakula kinapoa. Mwezi wa sita tumealikwa Nairobi kwenye tamasha kubwa la magitaa. Nchi nzima tumeitwa sisi peke yetu.

Kuhusu Julai: nitakuja. Nitakuja na Josia na Jenifer, na nitapiga kwa ajili ya Baba kwa nguvu zangu zote. Hilo liandike kwenye jiwe.

Kuhusu simu, mtandao wa huku ni wa kulaumiwa. Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Mayige

*

Ngulyati
17 Machi 2024

Mayige wa mama yangu,

Wabeja! Wabeja sana! Mwangaluka kwanza, maana nimeanza na shukrani kabla ya salamu kama mtu asiyelelewa. Hatujambo wote. Palizi ya pili imekwisha, mikono yangu ukiishika utadhani umeshika jembe. Ndama jike amempiga teke fundi baiskeli, na kijiji kizima kimefurahi kwa sababu zake.

Barua yako nilimsomea Baba. Nilipofika pale pa "nitakuja" akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akasimama akaenda kuziangalia ngoma zilizotundikwa darini. Tangu siku ile anazianika juani moja moja na kuzikaza ngozi. Jana nilimsikia anacheka peke yake.

Habari imeenea, na mimi ndiye niliyeieneza. Mzee Ngassa amempa mchoraji ukuta wa duka lake, pameandikwa kwa rangi nyekundu: MAYIGE ANARUDI KUIMBA. JULAI. BAGIKA. Mpaka watu wa Mkula wamepata habari. Vijana wawili waliohama wamerudi kwa Baba wakiinamisha vichwa. Mhoja naye ameshatunga wimbo wa kukukejeli, eti umekwenda mjini ukarudi na ubao wenye nyuzi. Muache. Ukifungua mdomo wako tu atajuta kuzaliwa Mgalu.

Wanawake wa kiitikio tumeanza mazoezi. Tunarudia nyimbo zote za Baba za zamani, na pale manju anapoita tunaacha nafasi. Nafasi hiyo ni yako.

Dada yako mwenye furaha,
Klementina

*

Dar es Salaam
2 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Namshukuru Mungu mko wazima. Josia na Jenifer wanawasalimu. Siku mbili nimekaa na kalamu bila kuandika, na jana ilikuwa siku ya wajinga, nikaogopa utadhani natania.

Siwezi kuimba. Sikatai kuimba, siwezi. Miaka mitatu iliyopita niliota tezi shingoni. Ilikua mpaka nikawa navaa kola zilizofungwa na kumeza kwa shida. Nilipasuliwa. Daktari alinieleza kabla kwamba tezi imeuzingira mshipa unaoendesha sauti, na kwamba huenda mshipa ukaguswa. Ukaguswa. Nilipozinduka nikataka kumwomba nesi maji, na kilichotoka kilikuwa upepo. Siku hizi hutoka mnong'ono wa kukwaruza, mtu aliye karibu ananielewa. Kwenye simu sisikiki kabisa. Sasa unajua habari za mtandao.

Wakati ule nilikuwa mwimbaji wa bendi. Kiongozi aliniambia kwa upole kwamba mwimbaji asiye na sauti ni mzigo, lakini kama naweza kushika gitaa la rithimu nikae nyuma. Nikakaa nyuma. Nilikuwa na hasira, dada, hasira ya kutaka kuuma kitu. Mchana wenzangu wakiwa wamelala najifungia ukumbini na gitaa. Siku moja nikauvuta uzi mmoja kwa kidole, nikauvuta zaidi ya wanavyofundishwa watu, nao ukalia sawasawa na Baba anapoita mwanzo wa wimbo. Unajua pale anapopandisha sauti kisha anaiachia iteleze? Palepale. Nikalia kama mtoto. Tangu siku hiyo mimi si mtu wa rithimu tena. Kila mnachokisikia redioni ni mimi natafuta koo la Baba kwenye waya.

Sikuwaambia kwa sababu Baba alinilea niwe sauti yake. Ningemwambia nini? Kwamba urithi wake umetupwa kwenye ndoo ya hospitali? Nilisema nitakuja kupiga, sikusema kuimba, lakini nilijua utaelewa kuimba, na nikakuachia uelewe hivyo.

Ufuteni ule ukuta. Au niambie nisije, nitakuelewa. Mwambie Baba, au usimwambie. Mimi sijui.

Mayige

*

Dar es Salaam
12 Mei 2024

Dada Klementina,

Shikamoo. Natumaini uvunaji umeanza vizuri na goti la Baba limetulia kwa ukavu. Mimi mzima.

Onesmo ananiambia barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, ukaondoka bila kumuaga. Wiki ya sita hii. Hata matusi nitayapokea, dada. Tumeanza mazoezi ya Nairobi na vidole vyangu viko sawa, lakini kila Onesmo akishuka kwenye basi mikono mitupu siku yangu inaharibika.

Mayige

*

Ngulyati
2 Juni 2024

Mayige,

Mwangaluka. Watoto wazima, ng'ombe wazima, pamba imefunguka nyeupe mpaka macho yanauma. Esteria amepangiwa shule ya kidato cha tano, ameanza kukunja nguo ambazo hata hajafua.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na hasira yenyewe haikuwa ya kuimba. Ulilala hospitali, umekatwa shingo, na hakukuwa na mtu wa kwenu wa kukushikia kikombe. Una dada, Mayige! Ningekuja nimesimama kwenye basi mpaka Dar. Nikiwa shambani nilikuwa nakumbuka kwamba uliomba maji ukakosa sauti ya kuombea, basi nakaa chini kati ya mistari ya pamba na kulia kwa nguvu. Majirani walidhani kuna msiba. Nimemaliza kukasirika. Usirudie.

Baba sijamwambia. Nimejaribu mara nne. Kila nikifungua mdomo namkuta anakaza ngozi ya ngoma, ananiuliza kama utapenda kusimama kulia au kushoto. Ukuta sijaufuta vilevile. Kuufuta ni kumwambia Mhoja ajiandae kusherehekea.

Halafu kuna kesi. Bagalu walisikia kwamba unakuja na vyombo vya umeme, wakapeleka malalamiko kwa kamati. Wanasema dawa ya mvuto ni halali, babu zetu waliitumia, kila upande una mganga wake, lakini spika ni kuwadanganya watu. Mzee Ngassa akababaika. Nikasimama, mwanamke peke yangu, nikauliza: Mhoja mwaka juzi alikuwa anaimbia nini, chungu? Si alikuwa na spika na kipaza sauti? Watu wakacheka, kesi ikaisha. Kila upande spika moja, jenereta moja, na dawa kila mtu kadiri ya imani yake.

Umeniuliza uje au usije. Njoo. Sijui tutawaambia nini watu, wala sijui Baba atafanya nini mwimbaji asipotokea. Lakini tukishindwa, tushindwe ukiwa nyumbani. Jumamosi ya tarehe 20 Julai.

Klementina

*

Nairobi
17 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo, kutoka kwenye baridi! Hongera ya Esteria, na hongera ya kesi, Jenifer amecheka habari ya chungu mpaka akakaa chini.

Nikuambie kwa ufupi. Jana tulipanda jukwaani watu wakiwa wengi kuliko mnada wa ng'ombe wa mwisho wa mwaka. Hawatujui. Nikaanza na "Vumbi la Ngulyati," nikauvuta ule uzi wa Baba, uwanja ukanyamaza wote. Kisha Josia akaingia na dramu zake na watu wakaruka, dada, wakaruka kama kwenye mbina, ngoma zetu za nyumbani! Tulishuka wakaturudisha. Tukashuka wakaturudisha tena. Mzungu mmoja mwenye studio anataka turekodi kwao mwezi wa nane, na magazeti mawili ya hapa yameandika kwamba mpiga gitaa bora wa tamasha ni kijana wa Kisukuma asiyesema neno.

Nimefurahi kupita kiasi, sitaficha. Lakini usiku huohuo nilikumbuka uwanja wa Ngulyati. Watu wa Nairobi hawakuwahi kunisikia nikiimba. Nyinyi mlinisikia.

Tunakuja.

Mayige

*

Ngulyati
11 Agosti 2024

Manju wangu,

Mwangaluka huko kwa Wazungu. Hapa wote wazima, na tuna kelele. Esteria ameshaanza shule. Pamba imeuzwa. Ndama mkali amepewa jina lako, si kwa heshima, ni kwa sababu ya kunguruma.

Ulishuka kwenye basi ukaingia uwanjani moja kwa moja, ukaondoka asubuhi ya Jumapili kuwahi safari yako, na siku ile yenyewe ulipiga umefumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mengi hukuyaona. Nakuandikia ili uyajue.

Ulipoanza, uwanja wote ulikuwa kwetu. Walikuja kwa sababu ya ule ukuta. Wakasikiliza mngurumo, watoto wakacheza, lakini wakubwa walikuwa wanakutazama mdomo. Wakangoja. Nilimsikia mwanamume mmoja anasema, "Anasafisha koo." Kisha kule ng'ambo Mhoja akaanza ule wimbo wake: ubao una nyuzi sita na hauna hata jino moja. Watu wakacheka, wakaanza kuhama. Kwanza vijana, kisha akina mama na vigoda vyao. Nilihesabu migongo mpaka nikaacha. Baba alikuwa amesimama karibu nami, mgwisho umemnywea mkononi. Akasema, "Kwa nini haimbi? Wamemfunga. Mhoja amemfunga mwanangu sauti kwa dawa!" Akataka kuvuka uwanja, na goti lake lile, akapigane.

Nikamshika mkono, nikamwambia hapohapo. "Baba, hakuna dawa. Alikuwa na tezi, akapasuliwa shingo. Sauti haipo. Miaka mitatu haipo. Aliogopa kukuambia."

Alikutazama tu shingoni. Ulikuwa umevaa shati wazi, na nafikiri ndipo alipoliona kovu.

Ndipo ukasimamisha dramu. Ukapiga mwito wa wimbo wake wa ng'ombe, ule wa zamani, mstari wa manju mtupu, ukauacha pale unapoachwa. Mayige, sisi wanawake hatukupanga kitu! Tumeuitikia wimbo ule tangu tukiwa tumebebwa mgongoni, midomo ilifunguka yenyewe. Ukapiga mstari wa pili, tukaitikia. Kwenye mstari wa tatu yule bibi aliyelala mwaka jana akasimama, akaanza kuyaimba maneno ya manju kufuata gitaa lako, maana maneno anayajua, nani asiyeyajua? Akaingia mwingine. Wakaingia wazee. Mstari wa tano uwanja wetu wote ulikuwa manju, na sisi wa kiitikio tukawa wachache kuliko wanaoita. Sijawahi kuona hivyo maishani. Kwa kawaida mmoja anaita na wengi wanajibu.

Waliohama wakageuka. Hawakutembea, walikimbia, vigoda vinawagonga miguuni. Mhoja akapandisha sauti, nawe ukamjibu kwa kuupiga wimbo wake mwenyewe ukiukokota na kuupinda, mpaka gitaa likawa linacheka. Lilicheka kabisa! Wachezaji wake ndio walioanza kuanguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe akazima spika yake, akavuka uwanja akisema, "Niacheni na mimi nikaone." Jua lilipozama upande wa Bagalu kulikuwa na jenereta tu, linanguruma peke yake.

Baba kupita katikati ya watu na kuutundika mgwisho kwenye shingo ya gitaa lako, hilo ulilisikia mkononi hata kama hukuliona. Lakini alipokuwa anakwenda alikuwa analia bila kujifuta, na anaimba. Sauti ile iliyochoka ilikuwa imechoka vilevile, wala hakujali.

Siku ya pili yake Mzee Ngassa alileta wazee wa Bagalu nyumbani. Walitaka kujua tulimtumia mganga gani, wako tayari kumfuata hata Maswa. Baba akawaambia hatukutumia kitu. Hawakuamini, na mpaka leo wanakwenda kwa waganga wa huko Binza kuuliza dawa ya gitaa.

Juzi nilikwenda naye kuuza pamba ya mwisho. Karani wa mizani akamwuliza jina, ingawa anamjua, ndiyo utaratibu. Baba akajibu kwa sauti ili foleni nzima isikie, "Andika: Bujiku, baba yake Mayige anayepiga gitaa." Karani akamwambia, "Mzee, nafasi haitoshi."

Baba akasema, "Basi futa Bujiku."

Dada yako,
Klementina